Shahidi wa Fahali Mwekundu

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Zombe mvua imenyesha na babu yako anakusalimu. Umeuliza utamwaminije mtu anayekuuzia fahali asiye na cheti cha ukoo.

Nilipokuwa msichana, baba yangu alipeleka fahali mwekundu sokoni, akisema ni wa Borana, ile aina ya ng'ombe wa nyama wenye bei. Mnunuzi akamwambia, "Mzee, baba wa huyu si Borana. Unanidanganya." Watu wa kanisa letu walisikia. Baba hakuwa na cheti cha kumwonyesha, na fahali aling'aa kwenye vumbi la asubuhi.

Ndipo Mutua, jirani aliyekosana na baba, akasema, "Ni wa dume langu la Borana. Mimi na huyu mzee hatusalimiani, lakini fahali hajanikosea."

Fahali akanunuliwa. Baba na Mutua walirudi kwa njia moja, vumbi lao likichanganyika.

Ukienda kununua, mtafute Mutua wa huko, jirani asiye na sababu ya kumpendelea muuzaji.

Nyanya yako