Nukta Zilizopanda Pamoja

Jumatatu, 3 Februari
Barua pepe kumi na moja kabla ya chai. Moja ya mtaalamu wa mradi wa mwani, Jambiani: jedwali na grafu. Mlalo, wanawake walioingia majini siku hiyo. Wima, kamba za mwani ulioungua. Nukta zinapanda pamoja. Jedwali sikulifungua. Nikaandika: miguu ya wakulima yaua mwani.

Jumamosi, 8 Februari
Ukurasa wa kwanza wa gazeti, na grafu. Mhariri kafurahi.

Jumatano, 12 Februari
Kamati ya ufukwe imepiga marufuku kilimo kwenye maji mafupi. Makala yangu ilisomwa mkutanoni. Vigingi vinavyofungiwa kamba ving'olewe kabla mwezi haujaisha.

Ijumaa, 14 Februari
Jambiani. Bi Zuhura analima mwani kwenye maji hayo mafupi miaka mingi. Hana shamba jingine. Nikamwamkia.
"Marahaba. Ndiye wewe wa miguu yetu?" Wenzake wakaangua kicheko. "Sie twaingia siku za bamvua, maji yakishatoka mbali. Yaliyobaki yafika magotini, jua layachemsha. Siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, hatuingii, na mwani umezama, umepoa. Au hata bamvua twaileta sie?"
Kisha, bila kucheka: siku ya maziko ya mumewe ilikuwa bamvua. Hakuna aliyeingia baharini. Mwani uliungua vilevile.

Jumamosi, 15 Februari
Nimefungua jedwali. Siku ya maziko imo: wanawake sifuri, kamba zilizoungua nyingi. Kwenye grafu haimo. Nikampigia mtaalamu.
"Ah, ile ilikuwa inaniharibia mstari."
Safu ya joto la maji imo pia. Nimechora upya, joto kwenye mlalo. Nukta zote zimekaa mstarini, hata ya maziko. Joto lilipanda na bamvua, wanawake wakaja na bamvua. Nikamtia hatiani aliyeonekana. Miaka ishirini na mbili kazini.

Alhamisi, 20 Februari
Masahihisho yametoka. Ukurasa wa kumi na nne, mistari minne, bila grafu. Kamati nimeipelekea grafu yangu mpya. Mwenyekiti: "Tulishapiga muhuri, ndugu yangu." Nina hasira. Nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Ijumaa, 28 Februari
Jambiani, saa tano, maji yametoka. Bi Zuhura anang'oa. Nilivua viatu nikaingia. Hakunituma, hakunifukuza. Tulibeba vigingi mpaka kwake, akavipanga ukutani, juani.
"Vikikauka vitakuwa kuni," alisema. Akaingia ndani.