Jumamosi Tuliyokungoja

Kisiwa cha Rusinga,
S.L.P. 71,
Mbita.
11 Februari 2025

Mpendwa shemeji Clifford,

Pokea salamu zetu sote. Baridi ya huko Kanada inakuachaje? Kile kifua kimepona? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Mama linalomsumbua akipanda kutoka ufuoni.

Najua ulishangaa kukuta nimekupigia mara kumi na moja Jumamosi. Wakati ule nilikuwa na akili zangu. Nimechanganyikiwa sasa.

Unakumbuka ile programu uliyoniwekea kwenye simu, ya kufuata blogu yako, ili kila ukiandika kitu kipya iniletee yenyewe? Nimeitunza miaka yote hii, ingawa wewe ulinyamaza. Basi Alhamisi ikaniletea habari kumi na nne kwa mpigo, zote zimeandikwa "leo". Ya juu kabisa ilianza: "Jumamosi niko nyumbani Rusinga." Programu huonyesha mistari miwili tu, nami sikungoja zaidi. Nilikimbia kumwambia Mama.

Shemeji, ungemwona. Goti likasahaulika. Alishuka mwenyewe ufuoni kuchagua samaki wa ngege wakubwa, akawatangazia hata wanakwaya wenzake. Ndugu yako Ochieng akachinja jogoo. Simu yako ilipokosa kushika, tukasema bado uko angani. Mpaka saa kumi jioni Mama alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa chakula.

Ndipo binti yetu Beverly akaifungua habari yote. Chini kule ulikuwa umeandika kwamba Baba atakupokea Mbita. Baba, ambaye ulikuja kumzika mwaka wa 2021 na hujarudi tena. Kumbe ilikuwa habari ya 2019. Beverly anasema huenda umeihamisha blogu, na blogu ikihama, habari za zamani huja kama mpya. Mimi nilikaa chini nikalia, sikufichi.

Huyo Beverly ananicheka, eti programu hizo ni za wazee, niifute, nikufuate kwenye mitandao kama watu wote. Nimejaribu. Huko naletewa wauza wigi na watu wa kucheza dansi, na picha yako ya Krismasi niliiona katikati ya Januari. Hii yangu hainisukumii mtu nisiyemtaka, ila sasa imenidanganya mchana kweupe. Au ni wewe uliyenidanganya? Niifute au nibaki nayo? Ningemuuliza kaka yangu Nchagwa kule kwetu Kuria, lakini yeye simu huishika kama yai bichi.

Ochieng anakusalimu, na Beverly pia. Mama sikujua nimwambieje. Nilimweleza polepole kwamba yale ni maneno ya zamani. Akasema, "Basi mwambie aandike hiyo tena. Lakini aweke tarehe ya mwaka huu."

Mungu aliyekufikisha huko akuangalie, na njia ya kurudi akuonyeshe.

Shemeji yako akupendaye,
Priscilla