Mizani Mbili Zilizopungua

Mabawe, Jumatano, Februari 1979

Bado namsikia Adela akisoma. Leo niliwafundisha darasa la saba mizani: kila kipande cha mshororo kiwe na silabi nane. Kisha nikawaambia watunge wenyewe.

Adela akasimama, akasoma, "Kaka u vitani, mama anakulilia."

"Kipande cha kwanza kimepungua mizani mbili," nikamkatiza. Nikamhesabia kwa vidole mbele ya wenzake, nikijiona mwalimu hodari. Mungu anisamehe.

"Zilikuwa zimetimia, mwalimu," akasema polepole. "Nilikuwa nimeandika Kaka Yona u vitani. Juzi katibu wa kijiji alituletea habari kwamba Yona ameuawa. Tangu hapo mama hataki jina lake litajwe, ndiyo maana nikalifuta."

Sikuwa na habari.

Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Sasa pale niweke nini?"

Vina, mizani, vituo, vyote navijua. Nilimwambia akae tu.

Mume wangu naye yuko huko vitani, na barua haijafika tangu Desemba. Nimeogopa hata kuliandika jina lake hapa.