Mjukuu wa Upande Wetu

Mama yangu, nakupa salamu ya kwetu: kamwene.

Huku Makambako nilikoolewa nina wivu, na sina mwingine wa kumwambia. Namwonea wivu mama mkwe. Namwonea wivu kila mwanamke wa rika langu anayempokea mama yake stendi na kiroba cha viazi kutoka Njombe. Wewe ungekuja na viazi na maneno, na viazi ndivyo vingewahi kuisha.

Mjukuu wako hukuwahi kumwona. Alipewa jina la marehemu baba mkwe, na tangu siku hiyo bibi yake humwita "mume wangu", kama mabibi wanavyotania. Macho ni ya ukoo wao, miguu ya ukoo wao. Nikisema ana kucha zangu, wananicheka. Nakumbuka ulivyokuwa ukinishika kidevu tukipalilia: "Hiki ni changu, nimekuazima tu." Nilitaka nami niwe na cha kumwazima mtoto.

Alipokaribia miaka mitatu sauti ikawa nzito. Akatokwa na chunusi, akanuka jasho la mtu mzima, akaota nywele za kiutu uzima. Mama mkwe akapiga vigelegele. "Mume wangu karudi! Msikieni anavyokohoa!" Majirani wakaja kusikiliza. Mimi nikabaki jikoni nimenuna kwa wivu. Hata sauti ya mwanangu, nayo yao!

Nesi wa kliniki alipomvua nguo ampime uzito, hakucheka. Tukapelekwa hospitali kubwa. Kumbe kwenye tezi iliyo juu ya figo paliota uvimbe wa saratani, nao ndio uliokuwa ukimwaga homoni za kiume kwenye mwili wa mtoto. Wameutoa. Daktari akauliza kama katika ukoo kuna aliyekufa kwa saratani akiwa bado kijana.

"Kwetu hakuna," mama mkwe akawahi.

Nikakutaja wewe, Mama. Nikalitaja titi ulilokuwa ukilifunga kitenge tukienda kuvuna viazi. "Nimejigonga tu," uliniambia, "usimwambie baba yako."

Tukapimwa damu. Kasoro ya vinasaba mtoto ameirithi kwangu, na mimi huenda niliirithi kwako. Siyo lazima saratani irudi, anasema daktari, ila atachunguzwa maisha yake yote, na mimi pia. Sikulaumu. Ila kila akilalamika tumbo, naogopa, namfunua shati nimpapase ubavu.

Tangu majibu yatoke, mama mkwe hamwiti tena "mume wangu". Jana alinikabidhi kikombe cha uji, akasema taratibu, "Mlishe mwanao. Huyu ni wa kwenu."

Miaka yote nilitamani kuyasikia maneno hayo. Sasa natamani wamchukue wao, Mama, mzima mzima, kucha na vyote, asibaki na changu hata unywele.

Lala salama.

Mwanao, uliyemwazima kidevu.