Wote Walivaa Koti Lako

Kwako Baba, uliyeniita Mwaitu,

Nianze na lawama, maana unanijua. Mtu aliyepiga picha Riruta nzima, kuanzia watoto wa ubatizo hadi wazee wa kitambulisho, ametuachia picha yake moja tu, tena ya pasipoti. Hiyo nayo ulijipiga mwenyewe siku ulipokuwa unajaribu taa mpya, umevaa lile koti jeusi la studio. Harusi ya shangazi, uko nyuma ya kamera. Siku yangu ya kuhitimu, tuko mimi na Mama, na wewe ni kivuli kwenye nyasi. Nimekukasirikia kwa hilo, Baba, na sijui kama nimemaliza.

Hasira ilinianza jioni moja Mama akichambua maharagwe. Alisema bila kuinua kichwa, "Mutheu, naanza kumsahau sura." Alisema polepole, kama anayekiri kosa. "Sauti bado niko nayo. Lakini uso unanipotea." Tangu tukuzike hakuwa amefungua mlango wa studio hata siku moja. Funguo zilikuwa kwenye bakuli la chumvi, na hakuna aliyezigusa.

Kesho yake nikaenda na ile pasipoti kazini mjini, kule ghorofani tunakochapisha mabango na kalenda, nikaikuza iwe kama mlango. Ukatoka ukungu mtupu. Picha ndogo ina mwisho wake, na ni wewe uliyenifundisha hivyo.

Njeri, ninayekaa naye meza moja, ndiye aliyeniambia kuhusu programu inayojenga picha kubwa kwa kupanga picha nyingi ndogo. Unaipa sura unayoitaka, unaipa na rundo la picha, yenyewe inatafutia kila moja mahali pake: yenye giza inaenda kwenye nywele, yenye mwanga kwenye paji la uso. Ukisimama mbali unaona mtu mmoja. Ukisogea unaona umati. Nikakumbuka makopo yako ya biskuti.

Nikachukua funguo kwenye bakuli. Makopo yalikuwa manne chini ya meza, yamejaa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mama alikuwa akikuuliza unawawekea za nini, unamjibu, "Si watakuja." Nilizipitisha kwenye skana moja moja, saa za chakula cha mchana, wiki sita. Na hapo ndipo nilipoangua kicheko, Njeri akaja mbio kuona kuna nini. Watu wote wale walivaa koti lako! Lile lile la kwenye msumari, la yeyote aliyekuja kupigwa picha bila koti. Fundi wa viatu, mwalimu, muuza makaa. Wembamba limewameza, wanene wamelifunga kifungo kimoja kwa imani. Nyuma yao kitambaa kile kile cha buluu. Na wote wamenuna, kwa sababu uliwaambia, "Kidevu juu. Usicheke, serikali haitaki meno."

Programu haikuona kichekesho. Kwake picha zote zilikuwa za rangi moja, basi ikaokota chache zilizong'aa ikazirudia rudia. Mama Mwende wa mboga, jirani yako, alijaa shavu zima. Nikaweka sharti kwamba kila picha itumike mara moja tu. Ukatoka buluu, Baba. Nikamwonyesha Mama kwenye simu.

"Huyu ni nani ameshikwa na baridi hivi?" akauliza. Tulicheka wote wawili. Kisha akailaza simu kifudifudi mezani, akarudi kwa kazi zake, na mimi nikajua nimemuumiza.

"Si uongeze tu rangi," Njeri akaniambia. "Weka themanini, huyo mzee atatoka fiti."

Kuna mahali pa kuamua rangi ya picha kubwa imwagwe kiasi gani juu ya zile ndogo. Nikaweka asilimia themanini. Ukatoka kweli, tena umetakata. Nikachapisha, nikaipeleka nyumbani nimejaa maringo. Mama Mwende alikuwepo. Akasogeza pua hadi kwenye karatasi.

"Mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha, kwenye kidevu.

"Huyu si mimi. Mmenipaka baba yako uso mzima."

Mama naye aliangalia muda mrefu. "Ni kama yeye," akasema mwishowe. "Lakini jicho halikuwa hivyo." Akaenda kuweka chai. Alisema kweli. Jicho lako la kushoto lilikuwa limefumba kidogo, kwa miaka yote ya kuchungulia kamera, na vipande vyangu vya picha vilikuwa vikubwa mno, vikalifungua. Akili iliniishia siku hiyo. Nilikuwa nimewafuta watu elfu mbili ili nikupate, na sikukupata.

Nikarudi studio nikakaa kwenye kiti cha wateja. Hapo ndipo nilipoliona kopo la tano, nyuma ya ndoo, lile ulilolibandika karatasi "Mbaya." Unakumbuka tulivyogombana kwa sababu yake? Nilikuwa na miaka kumi na tano, najifanya mtu wa usafi, nikalibeba hadi shimo la takataka. Ulitoka mbio na mteja umemwacha kwenye kiti. "Wacha! Hata picha mbaya ni ya mtu." Nilikuona mzee mshamba. Nisamehe.

Ndani yake kulikuwa na kila kitu nilichokosa. Picha ambazo flashi ilikataa, nyeusi kama masizi. Zilizoungua kwa mwanga hadi zimebaki nyusi na kola. Giza la nywele zako na mng'ao wa paji lako vilikuwa humo, vimeningoja. Na chini kabisa nikaikuta yangu.

Nilikuwa na miaka minane. Ulinipa kamera, ukavaa koti, ukasimama mbele ya kitambaa ukisema, "Haya Mwaitu, mama yangu, leo nipige wewe." Uliniita hivyo kwa kuwa nimechukua jina la mama yako. Tulipoenda kuchukua picha kule zilikosafishwa, Adams Arcade, hukungoja tufike nyumbani, ulifungua bahasha pale pale nje. Kidole changu kilikuwa kimefunika lenzi. Giza tupu, na kona ya koti. Nililia watu wakageuka. Wewe ulicheka, ukaninunulia chipsi, na kumbe uliandika nyuma kwa kalamu: "Mimi. Imepigwa na Mwaitu." Nilikaa nayo pale kwenye kiti cha wateja nikalia tena, kilio kile kile.

Basi nikapunguza rangi hadi kumi na tano tu, ili kila mtu abaki na uso wake. Nikafanya vipande kuwa vidogo. Nikaongeza kopo la tano lote. Kisha nikatafuta programu imeiweka wapi ile picha yangu. Kidole changu kilikuwa kwenye jicho lako la kushoto, pale kope linapoanguka.

Jumamosi tuliitundika studio, mkabala na mlango. Mama alisimama nje, mkono kwenye fremu. Mama Mwende alitangulia, akajipata upesi, akapiga kelele, "Ni mimi! Na hilo koti, jamani!" Mama hakumsikia. Alikuwa anaangalia jicho.

"Ndiye," akasema. "Ndivyo alikuwa anaangalia mtu kabla abonyeze."

Akaingia, Baba. Akaenda moja kwa moja kwenye msumari, akakung'uta koti, akalivaa juu ya gauni lake la kanisa. Akakaa mbele ya kitambaa cha buluu, akainua kidevu mwenyewe bila kuambiwa.

"Haya nipige," akaniambia. "Lakini toa kidole."

Nilikitoa. Amecheka meno yote nje, serikali ijue yenyewe. Picha yake nimeitundika karibu na yako, na mlango tumeuacha wazi. Wanaoingia wanajitafuta usoni mwako, na wakijipata wanasimama wima kidogo.

Lala salama, Baba. Kidevu juu.

Ni mimi bintiyo, na mama yako,
Mwaitu