Aliitwa, Hakuitika

12 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na mama hajambo? Sisi wazima, ila mwanangu mdogo ana mafua.

Mama ananiambia mteja aliagiza viti vitatu, ukamtengenezea vitano. Baba, masikio hayo yaliharibiwa na mizinga, na jeshi huwalipa fidia wastaafu walioumia kazini. Nakusihi uende ukadai.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, na mjukuu wangu mpe pole. Viti viwili vya ziada tunavikalia wenyewe, na ni vizuri.

Fidia niache nayo. Mwenzangu niliyelala naye handaki moja alirudi bila mguu. Mimi nikapange foleni naye kwa sababu watu siku hizi wananong'ona?

Baba yako

6 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako anakohoa kidogo, mimi sina neno.

Nilikwenda. Mwenzangu yule ndiye aliyenisukuma. Alisema mguu wake hautaota nikikaa nyumbani. Nikajaza fomu, nikakaa ukumbini tangu asubuhi mpaka wakafunga madirisha. Watu waliingia, wakatoka. Mimi sikuitwa. Leo wameniandikia: dai limefungwa, mhusika aliitwa mara tatu, hakuitika.

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia. Basi, yaishe.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole, na mama mpe pole ya kikohozi.

Hakuna cha kuisha. Nimewapigia simu. Karani akasema, "Lakini dada, tuliita kwa sauti kubwa." Nikamwambia, "Na hakusikia. Ndiyo maana alikuja." Akasema urudi Jumatatu, dai litafunguliwa. Nenda na mama. Akisikia unaitwa, akuguse bega.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

U hali gani, na watoto je? Huku tunamshukuru Mungu, kikohozi cha mama yako kimepona.

Wamenikubalia. Daktari aliniweka kwenye kijichumba, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa na kidole tayari mpaka nikadhani mashine ni mbovu. Ilikuwa nzima. Pensheni itaongezeka kidogo, na wamenipa vifaa vya masikioni.

Jana nilivivaa kazini. Nikiwa napiga randa, nikasikia mtu anaimba uani. Nikatoka. Mama yako alikuwa anafua, amenipa mgongo. Kabla sijaenda vitani alikuwa akiimba vilevile. Niliporudi nikakuta kimya. Nikajua nimerudi mtu mwingine na hanifurahii tena, na miaka yote hiyo sikuthubutu kumwuliza.

Jana nikamwuliza, "Umeanza tena lini kuimba?"

Akageuka, povu mpaka viwikoni. "Kuanza tena? Niliacha lini?"

Nikachukua shuka, nikashika ncha moja, yeye nyingine, tukakamua. Nikamwomba aendelee.

Baba yako