Majimoto Wameota Mbawa

Mama yangu uliyelala Miteja,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini ulinifundisha nisitangulize shida kabla ya salamu.

Majimoto wako, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota vya majani, wanakwisha, mama. Ulipofariki nilihesabu viota thelathini na kimoja katika mikorosho yetu. Leo asubuhi vimebaki vinne, na vitatu kati yake majani yamekauka. Mbu wa mikorosho wamerudi, wanafyonza machipukizi kama wako kwao.

Unakumbuka ulivyonifundisha kufunga kamba toka mti hadi mti ili majimoto wapite? Nilikuwa na miaka minane. Waliniuma hadi kwenye kope, nawe ukanipaka majivu huku unacheka, ukasema nivumilie, hao ndio walinzi wetu. Nikakuuliza mama yao yuko wapi. Ukasema yuko kwenye mti mmoja tu, yeye ni mnene, wa kijanikijani, mbawa alishaziangusha, na mayai yote ni yake. Nikauliza, mti upi?

"Nitakuonyesha siku utakayonizalia mjukuu wa kike."

Nilingoja. Mimba tatu zikatoka. Kisha ukaja uvimbe, na hospitali wakaondoa kizazi chote. Ulikaa kitandani kwangu ukanikanda miguu, halafu ukasema, "Basi tumekwisha." Neno hilo sijakusamehe. Kaka zangu watano wana watoto kumi na saba, lakini kwa hesabu yetu sisi Wamwera hao ni wa koo za mama zao. Wa kuendeleza ukoo wako nilikuwa mimi peke yangu. Mikorosho sitini na minne niliipanda kwa jembe langu, sina mume, sikumwomba kaka. Haikuingia kwenye hesabu yako. Mti hukunionyesha.

Miezi mitatu baada ya hitma yako, viota vikajaa wadudu weusi wenye mbawa. Nilifurahi, mama. Nilimpigia kaka Saidi nikamwambia majimoto wanazaa, mama katuachia baraka. Nikamwita bwana shamba naye aje aone. Akapasua kiota, akatazama kwa muda, akaniuliza malkia wao yuko wapi.

"Hawa weusi ni madume, dada," akasema. "Wanaofanya kazi wote ni majike, ila si wa kuzaa. Wakifiwa na malkia hujaribu kutaga wenyewe, na yai lisilopata mbegu ya dume hutoa dume tu."

Nikamuuliza majike wengine wataanguliwa lini. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema hawatakuwepo.

Hapo ndipo nilipokumbuka utumbo wa samaki. Kila ulipopara samaki uliupeleka shinani mwa mkorosho wa uani, pale ulipozika kitovu changu. Miaka yote nilidhani unalisha paka.

Na siku ya msiba wako, mama, turubai halikuenea uani. Watu walipita mia mbili. Kaka Saidi alishika panga akasita, akasema mama hakupenda mti huu uguswe. Mimi, mtu wa kazi, nikamjibu, "Mama hayupo. Kata." Majimoto walitumiminikia, tukawamwagia maji ya moto kutoka sufuriani, na shemeji mmoja akatania kwamba leo majimoto wameogeshwa maji moto. Tulicheka, msibani. Matawi yale ndiyo tuliyopikia ubwabwa wa wageni. Nami nilikula.

Ungenionyesha tu. Hata bila kizazi ningeulinda. Waliomlinda malkia wako miaka yote hiyo si ni majike wasiozaa?

Jana nilipara samaki, nikapeleka utumbo kwenye kile kisiki. Nilichuchumaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Walikuja majimoto saba. Walikuwa wazee, wanavuta taratibu, wala sijui walikuwa wanampelekea nani.

Nitapeleka tena kesho, nihesabu.

Pumzika, mama.

Binti yako, wa mwisho